Nani Asimame Mbele

Nazmi hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti atakalia nusu, goti linacheza chini ya meza mpaka bilauri za chai zinagongana, na mkewe Melahat alishachoka kusema, "Nazmi, mguu!" Hiyo ni tabia aliyozaliwa nayo, hatumlaumu. Lakini wiki ninayoisimulia ilizidi. Wiki ile alikuwa akikoroga chai ambayo hajaitia hata punje ya sukari, anakoroga tu, macho dirishani.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu nyumba. Ankara watu hawaishi kuhama: huyu kapandishiwa kodi, yule kaozesha binti, mwingine kagombana na jirani wa juu kwa sababu ya mazulia kukung'utwa barazani. Na kila nyumba ina ghorofa tano, na kila ngazi imejengwa na fundi aliyeapa kwamba sofa halitapita. Basi mtu akihama anaita kampuni, na kampuni inamtuma Nazmi na kikosi chake. Neno kikosi ni lake mwenyewe, mimi nalirudia tu.

Kikosi kilikuwa lori moja la bluu na watu wanne. Nazmi, miaka thelathini na sita, ndiye dereva na msimamizi. Tekin, miaka ishirini na nne, ana shingo nene na anabeba mashine ya kufulia peke yake huku akimbembeleza mchumba kwenye simu. Hıdır, miaka thelathini, anabeba kidogo na kusema sana. Na mzee Bünyamin, miaka hamsini na saba, masharubu meupe, aliyeanza kubeba friji za watu kabla Tekin hajazaliwa. Mzee alikuwa na mkanda wake wa ngozi wa kupitisha begani, mweusi kwa jasho la miaka, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Huyo mzee ndiye aliyemfundisha Nazmi kazi. Nazmi alikuja mjini kutoka Kırıkkale akiwa na miaka ishirini na miwili, ana cheti cha uhasibu ambacho hakuna ofisi iliyokitaka, na siku ya kwanza alijaribu kuinua kabati kwa mgongo. Bünyamin alimzaba kofi la kisogoni. "Miguu, we mtoto! Mgongo ni wa kuzeekea!" Maskini, yeye mwenyewe hakuufuata ushauri wake, maana mgongo wake ulikuwa umekwisha. Asubuhi alikuwa akishuka kwenye lori kwa awamu, mguu mmoja, anapumua, halafu mwingine.

Sasa, Jumatatu ya wiki ile mwenye kampuni, Bwana Saffet, alimwita Nazmi uani akamwonyesha kitu kipya. Ilikuwa ile lifti ya nje, ngazi ndefu ya chuma inayoegemezwa kwenye roshani ya mteja. Unaweka sofa chini, unabonyeza kitufe, sofa linapanda lenyewe mpaka ghorofa ya tano.

"Inafanya kazi ya watu wawili," akasema Bwana Saffet, akiipapasa. "Lakini mimi mtu wa huruma. Nipunguzie mmoja tu."

"Nani, bosi?"

"Wewe ndiye unayewajua. Ijumaa jioni niletee jina."

Haya. Ungeulizwa wewe, ungesema jina gani? Kila mtu angesema Bünyamin, hata Bünyamin mwenyewe angesema Bünyamin. Ila mzee alikuwa amebakiza siku mia moja na arobaini za kukatwa bima ili apate pensheni yake. Siku mia moja na arobaini tu! Akitoka sasa, nani atamwajiri mtu wa miaka hamsini na saba mwenye mgongo ule? Nazmi alijua hivyo, na ndiyo maana chai ilikorogwa bila sukari.

Hapa lazima nieleze habari ya gemu, maana bila gemu haya yote hayaeleweki. Usicheke. Mtu mzima, ana mke, ana binti wa darasa la tatu, lakini ana gemu, na analiweka ndani ya kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa utepe wa gundi pembeni. Ndani ya gemu unaongoza kikosi cha askari wa kukodiwa. Huna mfalme, huna nchi. Una mkokoteni wa farasi, chakula cha siku chache, na wanaume waliokujia kwa sababu hawana pengine pa kwenda: mkulima aliyefukuzwa, mchinja nyama, mlevi, mwizi wa kuku. Kijiji kinakukodi ukawafukuze majambazi, tajiri anakukodi umsindikize njiani. Mkikutana na adui, uwanja unagawanyika vipande vipande na mnasogea kwa zamu, wewe hatua, adui hatua, kama drafti. Kila askari ana nguvu zake na uchovu wake, na akichoka anauawa upesi.

Na akifa, kafa. Nazmi alikuwa akicheza ile namna ya wagumu, ambayo hairuhusu kurudia; kila hatua inajihifadhi yenyewe na huwezi kusema ngoja nirekebishe. Wanaocheza hivyo wana kiburi chao, wanawaona wengine wote watoto. Tena wana desturi moja: askari mpya akiajiriwa, unamvua jina alilokuja nalo na kumpa unalotaka wewe. Wengine huwapa majina ya mashemeji zao ili wafe kwa raha. Nazmi aliwapa watatu majina ya watu wake wa lori, na waliobaki akawaita majirani.

Waligundua wakati wa baridi, kule mtaa wa Dikmen, siku ambayo mteja alichelewa kuleta funguo saa mbili nzima na theluji ikawafungia ndani ya lori. Nazmi alifungua kompyuta ili goti lipumzike. Hıdır akachungulia.

"Kaka! Huyu Tekin ndiye Tekin wetu?"

"Ndiye."

"Na mimi niko wapi? Niko wapi mimi? ... Yallah, nina upinde! Tekin, tazama, nina upinde!"

"Mbona mimi sina kofia?" akalalamika Tekin. "Kaka, ninunulie kofia."

Kuanzia siku ile hakuna aliyechelewa kazini. Asubuhi, kabla ya salamu, ni "Niko hai?" Nazmi akiwasha lori anajibu, "Uko hai, ila umejeruhiwa bega," na Hıdır anashinda kutwa nzima akidai bega linamuuma na meza ile hawezi. Hata mzee Bünyamin, aliyeichukulia kompyuta kama sinia la aina fulani, alikuja akauliza kwa haya, "Na mimi je?"

"Wewe mzee uko akiba. Unalinda mkokoteni."

"Naam. Lazima mtu alinde mkokoteni," akasema mzee, akaridhika, akaridhika majira yote ya baridi.

Ukweli ni kwamba Nazmi alikuwa anaogopa. Yule askari aliyempa jina la mzee alikuja na goti bovu na pumzi fupi, na Nazmi alijua akimtoa uwanjani mara moja tu hatarudi. Kwa hiyo alimficha. Alimlisha, akambeba kwenye mkokoteni kutoka kijiji hadi kijiji, wala hakumtia vitani hata siku moja.

Jumanne walikwenda Batıkent na lifti mpya. Sofa la watu watatu lilipanda ghorofa ya nne kwa muda wa kuvuta sigara nusu. Mzee Bünyamin alisimama chini, mkanda begani, shingo nyuma, analitazama likipanda. Alipomaliza kutazama alichukua kiti kimoja cha jikoni na kukipandisha kwa ngazi.

Wakati wa chai Hıdır hakuweza kujizuia. "Kaka, mama anayepika chai ofisini kasema Ijumaa mmoja wetu anaondoka. Ni kweli?"

Wote watatu wakamwangalia Nazmi.

"Mama wa chai anasema mengi," akajibu Nazmi, akainuka kwenda kukagua kamba ambazo alikuwa amezikagua mara tatu.

Mimi ningekuwapo ningemshika koti. Sema, mwanamume! Watu wazima hawa, wanavumilia, waambie mkae mlitatue! Lakini hakusema. Alikuwa na ugonjwa wa viongozi wengi, kudhani kwamba akinyamaza mambo yatajipanga yenyewe. Alikagua kamba, akakagua matairi, akazunguka lori, na mchana ule alipiga honi kwa watu ambao hawakumkosea.

Jumatano mzee alimkuta nyuma ya lori akikunja yale mablanketi ya kufungia samani.

"Nina swali la hilo gemu lako."

"Uliza, mzee."

"Akiba maana yake nini hasa?"

"Maana yake nakutunza."

"Tangu theluji mpaka leo sijapigana hata mara moja?"

"Nakutunza, mzee, wallahi. Wale wengine..."

"Unanitunza na nini?" Mzee hakupandisha sauti. Alishika ncha ya pili ya blanketi wakakunja pamoja. "Mtu anakula, anabebwa, hapigani. Siku chakula kikipungua, wa kwanza kushushwa njiani ni nani? Mimi sijui kompyuta, lakini hilo nalijua. Na hao vijana wanalijua. Hıdır ananiangalia tangu jana kwa macho ya msibani. Niweke mbele kesho."

"Ukifa hurudi, mzee. Gemu lenyewe halirudii."

"Nikifa nimekufa. Lakini wanione nimesimama."

Jioni ile, binti yake akifanya hesabu za shule upande wa pili wa meza, Nazmi alimvisha mzee. Alimvua Tekin deraya akampa Bünyamin. Alimpa ngao bora ya kikosi, kofia ya chuma yenye kufunika shingo, mkuki mrefu wa kumweka adui mbali. Na alipokuwa anavisha aliweka nadhiri moyoni, nadhiri ya kijinga, lakini mtu aliyebanwa anashika chochote: mzee akitoka hai kesho, jina lake halitatoka mdomoni mwangu mbele ya Saffet. Litatoka la nani basi? Hapo hakutaka kufika. Melahat akasema, "Nazmi, mguu!" na binti akacheka.

Alhamisi ilikuwa Keçiören, nyumba ya mwalimu mstaafu mwenye vitabu masanduku arobaini na sita. Saa sita mchana walikaa ndani ya lori juu ya mablanketi, kila mtu na nusu mkate wa nyama na mtindi wa chumvi, kompyuta juu ya sanduku la vitabu. Nazmi akakubali kazi ya kijiji kimoja: msituni kuna majambazi, yafukuzwe. Akapanga mstari. Bünyamin mbele katikati, mgongo wake kwenye ukuta wa mawe ili asizungukwe. Tekin kushoto kwake. Hıdır nyuma na upinde.

"Hapo hapo ndipo pangu," akasema Hıdır. "Nyuma kabisa, bora hata nje ya msitu."

"Kunyamaza nako ni silaha," akasema Tekin.

Majambazi yakaja, na mbele yao jitu moja lenye shoka la mikono miwili. Jambazi wa kwanza akampiga Bünyamin, ngao ikazuia. Wa pili akampiga, ngao ikazuia. Zamu ya mzee ikafika, mkuki ukaenda, na yule jambazi akaanguka chali.

"Nimemuua?" Mzee alikuwa amesimama ndani ya lori, kichwa kinakaribia kugonga turubai, makombo yamejaa masharubuni. "Mimi? Mimi ndiye?"

"Wewe, mzee! Wewe!"

"Lo! Na goti langu hili!"

Walimpigia makofi. Hıdır alimbusu kichwani. Nazmi aliwaangalia akasema moyoni, imekwisha, nadhiri imekubaliwa.

Kisha upande wa kushoto ukaharibika. Tekin, bila ile deraya aliyovuliwa, alikuwa amezungukwa na watatu, kofia imevunjika, damu imebaki kidogo. Pigo moja tu na hayupo. Na jitu la shoka linakuja. Nazmi aliinama karibu na kioo, na goti lake likatulia.

Sijui kama umewahi kumwona mchezaji hodari wakati anahesabu. Hakuna mtu mle, kuna hesabu tu. Tekin ana nguvu, ni kijana, atakua, ndiye nguzo ya kikosi kwa miaka. Bünyamin amefanya alichoweza. Majambazi yale hupenda kumrukia aliye wazi mgongoni. Bünyamin akisogezwa hatua moja tu, mbali na ukuta, yote yatamgeukia yeye, na Tekin atapata njia ya kutoka. Mchezaji yeyote mwenye akili angeliona hilo mara moja. Nazmi aliliona, na kidole kikabonyeza kabla ya kuuliza ruhusa kwa mwenyewe.

Majambazi yakageuka. Tekin akatoka.

"Kapona!" akapiga kelele Nazmi, akalipiga sanduku kwa kiganja. "Tekin kapona! Mmeona hiyo?"

Shoka likashuka. Kwenye kioo yakaja maandishi: Bünyamin amekufa.

Hakuna aliyepiga makofi. Hıdır alikuwa na tonge mdomoni na hakulitafuna. Nazmi alibaki na kiganja chake juu ya sanduku, na tabasamu lilikuwa bado halijajua pa kwenda.

"Pale nilipokuwa," akauliza mzee Bünyamin, taratibu, "nilikuwa salama?"

"Mzee, ni..."

"Nauliza tu. Pale ukutani."

"Ulikuwa salama."

"Ukanitoa."

"Tekin angekufa, mzee! Tekin ana nguvu, Tekin bado ni kijana, ana miaka mingi ya..." Nazmi akajisikia mwenyewe, akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa.

"Basi," akasema mzee. "Umeniambia. Kesho usipate taabu ya kusema tena."

Mtu mwingine angeondoka pale pale. Mzee alirudi kazini. Alibeba masanduku ya mwalimu mchana kutwa, mawilimawili, hakuiachia lifti hata moja, na kila alipopita kwenye ngazi Nazmi alijibana ukutani kumpisha. Walipomaliza, mzee alivua mkanda wake wa ngozi, akamtupia Tekin mapajani, akasema, "Ulegeze kidogo, wewe kifua chako kipana. Kesho sitakuja." Kisha akashuka, mguu mmoja, pumzi, mguu mwingine.

Na Nazmi alihisi nini? Nitakuambia, ingawa yeye hakuwahi kumwambia Melahat. Alihisi nafuu. Kabla ya aibu, kabla ya huzuni, alishusha pumzi ndefu, kwa sababu jina limejitaja lenyewe na yeye hatalazimika kulisema. Aibu ilikuja baadaye, ikaja nzito, lakini ya kwanza ilikuwa nafuu na alijua hivyo.

Ndani ya lori Tekin alikuwa na mkanda mikononi, anauzungusha.

"Kaka, wewe ni yupi mle ndani?"

"Mle wapi?"

"Kwenye gemu. Mimi nimo, Hıdır yumo, mzee alikuwamo. Wewe ni yupi?"

"Kiongozi haonekani uwanjani. Anasogeza tu."

"Hata kikosi kikiisha chote hafi?"

"Hafi. Anaajiri wengine."

"Kazi nzuri hiyo," akasema Tekin, akageukia dirisha.

Ijumaa walikuwa watatu. Walihamishia familia moja Mamak, na bila kufikiri waliingiza godoro kwanza. Bibi wa nyumba alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka: Kurani iko wapi, kioo kiko wapi, mnaniingizia godoro tupu kwenye nyumba mpya, mnataka wajukuu zangu wapatwe na nini? Siku zote mzee ndiye aliyekuwa anaingia kwanza, kwa baraka ya nyumba mpya, na Kurani kifuani na kioo chini ya kwapa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujishughulisha kukumbuka. Waliomba radhi, wakatoa godoro, wakaanza upya. Nazmi alivunja glasi mbili. Alipanda ngazi na kushuka mikono mitupu, akasahau alichopandia.

Jioni akaingia ofisini. Bwana Saffet alikuwa anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kisosi.

"Haya, jina."

"Sina jina."

"Mzee hakuja leo, naona. Kumbe umeshalimaliza."

"Mzee alikuwa mgonjwa. Jumatatu anakuja."

Saffet aliacha kutafuna. "Nazmi, nimekupa wiki nzima."

"Umenipa, bosi. Mimi siwezi kuchagua mtu. Nimejaribu, nimechagua vibaya. Chagua wewe, wewe ndiye mwenye kampuni."

"Nichague mimi?"

"Chagua wewe."

Bwana Saffet akatazama nje, pale lifti ilipokuwa imelazwa juu ya gari lake. Alitazama kwa muda. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayefikiria jambo kwa mara ya kwanza.

"Tekin ana leseni ya lori?"

"Anayo."

"Na lifti ni kitufe. Mteja anasema kitanda chumba kile, kitanda kinakwenda chumba kile. Sasa niambie, msimamizi nampa mshahara wa kusimamia nini?" Akafuta midomo. "Wewe ndiye ghali kuliko wote, Nazmi. Umetaka nichague. Nimechagua."

Miaka kumi na minne Nazmi alikuwa anawafikiria wengine, nani mbele, nani nyuma, nani apumzike, na haikuwahi hata siku moja kumjia kwamba na yeye ana mwili unaoweza kuguswa. Alimwona binti yake na madaftari yake, akaona kodi, akaona uso wa Melahat mlangoni. Alitaka kusema ndiyo, basi, ni Bünyamin, andika Bünyamin. Lilifika kwenye meno. Wallahi lilifika.

"Mzee abaki mpaka amalize siku zake za bima," akasema. "Sema mbele yangu."

"Abaki. Mimi nilitaka mmoja, sikusema yupi."

Alitoka akasimama kando ya barabara, magari ya Ijumaa yanapita yamebanana. Akapiga simu. Mzee alipokea kutoka kwenye mkahawa wa mtaani kwao. Nyuma yake zilisikika kete zikigongwa mezani na mtu akilalamika kaibiwa zamu.

"Mzee, Jumatatu saa moja asubuhi lori linaondoka. Usichelewe."

"Nilisema siji."

"Utakuja. Tekin anaendesha. Saffet kasema kwa mdomo wake, mpaka umalize siku zako."

"Na wewe?"

"Mimi sitakuwapo."

Kete ziliendelea kugongwa. Kisha mzee akalipuka. "Umefanya nini, we mjinga? Una mtoto! Rudi ndani sasa hivi ukamtajie mimi! Mimi ni mzee, nimezoea, nitauza hata soksi msikitini! Ati kwa sababu ya jana? Jana ulikuwa mchezo tu, nani anagomba kwa mchezo?"

"Haukuwa mchezo, mzee. Nilifurahi."

"Ulifurahi nini?"

"Uliposema hutakuja tena. Nilishusha pumzi." Akakohoa. "Tangu Jumatatu nilikuwa nalijua jambo hili, nikawaficha, na ulipoondoka mwenyewe, nilifurahi. Nilitaka ulijue hilo. Nisamehe."

Upande wa pili kete zikaanza kusikika kwa mbali. Kumbe mzee alikuwa ametoka nje ya mkahawa, akishuka zile ngazi za mlangoni kwa awamu zake.

"Jumatatu ungeniambia tu, mwanangu," akasema mzee Bünyamin, bila hasira tena. "Mzigo huo tungeubeba wawili."

Na Nazmi, pale kando ya barabara, mbele ya watu wote waliokuwa wakirudi makwao, akalia.